Rili Iwe Inalia

Kibuyuni,
2 Julai 2024

Mkwe wangu Timothy,

Salamu nyingi. Usishtuke kupokea barua yenye harufu ya samaki. Nimempa Rai, yule wa pikapu ya samaki, aje nayo Ukunda juu ya barafu akukabidhi wewe mkononi. Nimemwambia asimpe mkeo Kadzo wala jirani. Ningepiga simu, lakini simu ya nyumba hii anakaa nayo mama mkwe wako, naye hawezi kuzungumza bila kuweka sauti ya nje. Ukikohoa huko Ukunda, wanawake wote wa shamba la mwani wanakupa pole.

Nataka rili. Ile mashine ya kukunjia mshipi, inayofungwa kwenye fimbo, kama wanazotumia watalii. Nahodha wetu Suleiman amepata injini kubwa, na kuanzia Septemba mashua itakwenda maji makuu, kule ambako risasi ya mshipi ikishuka unaweza kumaliza sigara kabla haijagusa chini. Amesema samaki wa kule hawavutwi kwa mkono mtupu. Kila mvuvi aje na rili yake, na asiyekuwa nayo atampisha mwenzake. Jaafar, ninayekaa naye ubavuni, ana shemeji yake anayekuja pwani kila Ijumaa kuangalia kiti changu kama mtu anayeangalia nyumba ya kupanga.

Unajua nilikotoka. Nilizaliwa Taru, kwa watu wa mifugo. Miaka thelathini na minne niko kwenye maji haya, na hadi leo mtu akitaka kunikera ananiita mchunga mbuzi. Nikibaki nchi kavu itanibidi nirudi kwa ndugu yangu Taru nikachunge mbuzi kweli, na wao wapate la kucheka mpaka kufa kwao. Sitaki, Timothy. Nakuambia waziwazi kwamba sitaki, na usingizi umenikimbia.

Rili mpya siiwezi. Nitafutie iliyotumika, lakini nzima. Nina mbuzi wawili kwa ndugu yangu, na thamani ya hao wawili ndiyo mwisho wangu, isizidi hata kwato moja. Iwe inabeba pima mia tatu za mshipi mnene. Breki yake itoe mshipi taratibu, isiwe ya kukamata na kuachia. Na iwe inalia. Zipo bubu na zipo zinazolia mshipi unapotoka. Yangu iwe inalia.

Kadzo asijue. Akijua ataanza habari za umri. Ukishasoma, choma.

Ni mimi baba mkwe wako,
Kalama Mwinga

*

Ukunda,
9 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Barua nimeipata. Rai alinipa mbele ya geti la hoteli, na askari akauliza kama nimeanza biashara ya dagaa. Nashukuru kwa kuniamini. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, lakini mashine ni mashine, na mambo ya rili nayafahamu kiasi. Usiwe na wasiwasi wowote.

Nimeshaona mbili. Ya kwanza ni ya Justus, aliyekuwa baharia kwenye boti ya watalii hapa Diani kabla haijauzwa. Ni kubwa, rangi ya dhahabu, ukiiona unaweza kuipigia saluti. Nikamwomba ruhusa niifungue. Akasema rili nzuri haifunguliwi. Mimi nikisikia maneno kama hayo kutoka kwa muuzaji ndipo ninapotoa bisibisi. Ndani chumvi imejaa kama unga, na beringi zimekula kutu mpaka zimebaki umbo tu. Nikamrudishia nikamwambia asante.

Ya pili iko kwa Purity, anayeuza vitu vya nyumba za wageni wanaorudi kwao. Hii ni ya fedha, ndogo, safi, ukiizungusha haisikiki kabisa. Bei yake ni kama mbuzi mmoja na nusu. Mimi naona hii ndiyo yenyewe. Niambie niichukue kabla hajaipata mtu mwingine.

Kuhusu kulia, naomba unieleze, Baba. Kwa nini unataka ilie? Kwa kazi yangu, mashine inayopiga kelele ni mashine inayoumwa. Friji ikianza kulia mimi ndiye ninayeitwa.

Jambo jingine dogo, unisamehe. Mwandiko wako umebadilika. Ile barua uliyotuandikia wakati wa harusi ilikuwa imenyooka mno hata Kadzo akaiweka kwenye fremu. Hii ilinibidi niisome mara tatu. Natumaini ni haraka tu.

Mwanao,
Timothy Mutua

*

Kibuyuni,
15 Julai 2024

Timothy,

Mwandiko ni wa kuandikia juu ya goti. Tuendelee.

Hiyo ya fedha mwachie Purity aipange kwenye kabati na vikombe vyake. Rai amenionyesha kwa mikono ukubwa wake, kwa sababu nilimtuma apite aiangalie. Ndiyo, nilimtuma, usinune. Haiwezi kubeba hata pima mia. Samaki wa maji makuu akikimbia mara moja amemaliza mshipi wote, nami nibaki na kijiti mkononi mbele ya Jaafar. Rili huchaguliwa kwa tumbo lake kwanza. Ukishaona tumbo linatosha, ndipo uanze kuangalia mengine.

Fanya hivi. Ukipata yenye tumbo, kaza breki nusu, halafu mtu auvute mshipi akitembea. Ukitoka kwa mwendo mmoja, breki ni nzima. Ukitoka kwa kushtuka-shtuka, ondoka dukani. Tazama pembeni mwa skrubu kama kuna ukungu wa kijani. Muulize mwenye mali kwa nini anauza, kisha nyamaza. Atakayojaza kwenye ule ukimya ndiyo yatakayokuambia ukweli.

Umeniuliza kwa nini nataka ilie. Nataka tu. Mtu akiagiza chai ya tangawizi haulizwi kwa nini.

Siku zinakwenda. Shemeji yake Jaafar sasa haji Ijumaa peke yake, anakuja na Jumanne. Jana alikaa kwenye kiti changu akasema anakijaribu.

Kalama

*

Ukunda,
30 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Nimeipata! Nimeinunua, iko hapa chini ya kitanda, na leo itapanda pikapu ya Rai.

Ni ya mama mmoja anaitwa Eunice, anakaa Kinondo. Marehemu mume wake alikuwa nahodha wa boti za uvuvi wa watalii. Vifaa vyake vyote ameviuza, isipokuwa hii moja ambayo marehemu mwenyewe alikuwa akiitumia siku za mapumziko. Nilimuuliza kwa nini anaiuza, halafu nikanyamaza kama ulivyonifundisha. Akanyamaza na yeye. Tulikaa hivyo mpaka chai ikaisha. Mwishoni akasema, "Nitakuuzia ukiniambia ni ya nani." Nikamwambia ni ya baba mkwe wangu, mtu wa Taru aliyejifunza bahari ukubwani. Akacheka, akaishusha kutoka juu ya kabati, na bei akaiteremsha mwenyewe bila mimi kuomba. Mbuzi wako mmoja atabaki na mguu.

Sura yake ni mbaya, nisikufiche. Nyeusi, rangi imebanduka, mpini wake ulivunjika ukawekwa wa mti. Lakini tumbo lake ni kubwa, na kwenye skrubu hakuna ukungu. Breki nimeijaribu vizuri. Nilifunga mshipi kwenye baiskeli ya Chome, mtunza bustani wetu, nikamwambia apige pedali kwenye ile njia ya wafanyakazi nyuma ya hoteli. Chome akaenda na mimi nikasimama na fimbo. Baba, mshipi ulitoka laini kama maji ya bomba. Kufika jikoni nikakaza, na Chome akasimama bila kutaka. Wapishi wakapiga makofi. Meneja naye akatoka, hapo tukatawanyika.

Tatizo lilikuwa moja tu. Ilikuwa inalia vibaya sana. Chome alipokuwa anakwenda ilikuwa inapiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Najua ulisema unataka ilie, lakini nadhani umezoea zile za zamani ambazo hazikuwa na fundi. Nimeifungua usiku kucha, nikaiosha, nikaweka grisi kwenye beringi bila kugusa breki. Kelele nikaikuta: kuna kijiulimi cha chuma kinachogonga meno ya gurudumu. Nimekitoa. Sasa inazunguka kimya kabisa. Hiyo kazi sikutozi, ni zawadi yangu kwako.

Kadzo ameniambia mama alimpigia, kwamba ulishika sufuria ya uji jikoni ukaungua na hukuiachia. Pole sana. Mkono unaendeleaje?

Mwanao,
Timothy

*

Kibuyuni,
6 Agosti 2024

Timothy,

Rili imefika. Ni mbaya kama ulivyosema, na nimeipenda. Mpini wa mti ni mpingo, huyo nahodha alikuwa mtu. Suleiman ameizungusha akasema, "Mzee Kalama, hii itakuzika." Kwake hayo ni maneno ya sifa. Shemeji yake Jaafar hakuja Ijumaa iliyopita.

Kuhusu sauti, basi.

Mkono umepona. Mama mkwe wako huzungumza mno.

Ahsante, mwanangu.

Kalama

*

Kibuyuni,
5 Septemba 2024

Timothy,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na hasira.

Juzi tulikwenda maji makuu. Kule injini inazimwa, unashusha chambo, na rili unaiacha huru ili samaki akichukua aende nacho kidogo asishtuke. Halafu ndipo unafunga na kuvuta. Wakati wa kusubiri unaweka kidole juu ya mshipi. Nikaweka kidole. Jaafar akapata jodari, sote tukageuka kumtazama anavyohangaika naye, na mimi nikageuka. Kidole kilikuwa palepale, sikukiondoa.

Nilipoangalia chini, tumbo la rili lilikuwa tupu. Pima mia tatu zote zimekwenda, mshipi mpya, na ncha yake imekatika kwenye fundo. Samaki alikimbia nazo chini ya mkono wangu bila kusema neno, kwa sababu wewe uliitoa ile sauti! Nilikuambia mara ngapi? Nilikuandikia barua ya kwanza, nikakuandikia ya pili. Iwe inalia, iwe inalia. Ukaona mzee hajui mashine, ukamfanyia zawadi.

Suleiman aliniuliza mbele ya wote, "Mzee, ulikuwa umelala?" Nikasema ndiyo. Nikasema nililala. Miaka thelathini na minne sijawahi kulala na mshipi ukiwa majini, na nikajisingizia usingizi kama mlevi. Jaafar akasema kumbe mchunga mbuzi hulala mbuzi wakila. Wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Suleiman amesema safari moja zaidi. Mwisho wa mwezi huu, na baada ya hapo ataamua.

Kalama

*

Ukunda,
8 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, na nikaunguza kiyoyozi cha chumba cha watu. Naomba msamaha kwa ile sauti niliyoitoa. Ulisema na sikusikia. Niliona kwamba kwa mambo ya mashine mimi ndiye mkubwa, na hilo ni kosa langu kabisa.

Lakini Baba, na mimi niseme jambo moja kwa heshima. Ni wewe uliyeniambia, mwaka ule nilipokuja kuposa, kwamba mvuvi wa mshipi hahitaji macho wala masikio, anamsikia samaki kwa kidole. Ulinifunga uzi kwenye kidole, ukaenda kusimama nje ya nyumba ukawa unaugusa kidogokidogo, nami ndani nikisema "sasa", "sasa", mpaka nikakosea na ukasema nitajifunza. Sasa kidole chako kilikuwa juu ya mshipi, na pima mia tatu zikapita chini yake. Mimi si mtu wa bahari. Nikuambie na ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu wa kwenu: maji yakinifika magotini narudi. Rili sikuwa nazijua hata kidogo, nilijifunzia hapohapo kwenye ile ya Justus. Lakini mashine nazijua, na kuna kitu hapa ambacho si mashine.

Umenikasirikia sana na nimekubali. Naomba tu uniambie kilichoharibika ni nini, kwa sababu kitu nisichokijua siwezi kukitengeneza.

Kile kijiulimi nilikitupa. Nimekitafuta na sikukiona.

Timothy

*

Ukunda,
9 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Ni Kadzo. Barua zenu zote nimezisoma. Mume wangu hakuzichoma, alizificha kwenye mfuko wa bisibisi akidhani mimi sina pua. Mimi ni mfua nguo, Baba, nanusa harufu za watu kutwa nzima. Tangu Julai nyumba yangu inanuka samaki na sijapika samaki.

Nimeanza kusoma nikiwa na hasira na nimemaliza nikilia. Timothy hataki kukuuliza moja kwa moja kwa sababu anakuogopa. Mimi sikuogopi, kwa hiyo nakuuliza. Vidole vyako vinasikia?

Sufuria ya uji ulishika ukasimama nayo mpaka mama akasikia harufu ya ngozi. Mwezi wa nne ulipokuja kutuona ulikuwa umevaa ndala moja, ya pili ilikuwa imebaki njiani na hukujua mpaka mtoto wa jirani akakuonyesha. Tulicheka wote. Mimi najilaumu kwa kile kicheko. Bibi wa Taru, mama yako, alikufa kwa sukari, na ilianza hivyohivyo, na wewe ndiye uliyekuwa ukimwosha miguu. Usiniambie huijui.

Kama unaogopa nitasema uache bahari, jua kwamba sitasema. Mimi nimekulia pwani ya Kibuyuni nikiitwa mtoto wa mchunga mbuzi, na kila mashua ilipoingia nilikuwa nakimbia mbele ya wote ili waone baba yangu anashuka na samaki. Unadhani ninataka urudi Taru? Lakini nenda kliniki. Na umwambie Suleiman. Mtu anayekaa na wewe kwenye mashua moja kule mbali ana haki ya kujua mkono wako hausikii ndoana.

Nijibu mimi, usimjibu Timothy.

Mwanao,
Kadzo

*

Kibuyuni,
13 Septemba 2024

Kadzo mama,

Havisikii.

Vilianza mwaka jana, ncha tu, nikadhani ni baridi ya barafu. Sasa mkono wa kulia ni mpaka kiganja, na wa kushoto unafuata. Naona kidole changu kiko juu ya mshipi lakini ni kama kidole cha mtu mwingine. Siku ile, kilichonijulisha kuwa samaki amepita si macho. Ni damu. Mshipi ulikata mpaka ndani na damu ikadondoka pajani, na paja bado linasikia, ndipo nikatazama. Nikafunga kitambaa haraka nikakaa juu ya mkono wangu mpaka tukafika.

Mumeo nimemwonea. Mwambie hivyo. Nilimtuma dukani na nusu ya maneno, halafu nikamgombeza kwa ile nusu niliyoificha. Nilitaka rili inayolia kwa sababu masikio yangu ni mazima. Niliona kwamba nikiweza kumsikia samaki kwa sikio, hakuna atakayejua kwamba simsikii kwa mkono, na nitakaa kwenye kiti changu miaka mingine mitano bila kuulizwa. Ndiyo hesabu yangu yote.

Kliniki nitakwenda. Mama yako amekwisha kunishonea mfuko wa kubebea kadi, kabla sijakubali.

Kumwambia Suleiman siwezi. Kila siku nakwenda hadi mlangoni kwake, naulizia bei ya petroli, narudi. Leo nimeulizia mara mbili. Akisikia mkono wangu umekufa, kiti ni cha yule shemeji siku hiyohiyo, na haki yake, mimi mwenyewe ningekuwa nahodha ningefanya hivyo. Niache kidogo, mama. Sijui la kufanya na nafsi yangu, natembea tu ndani ya nyumba.

Baba

*

Ukunda,
20 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Kadzo amenisomea. Sina la kusamehe, nilifurahi hata kugombezwa, kwa sababu mkwe ambaye hagombezwi bado ni mgeni.

Ndani ya kiberiti hiki kuna kijiulimi kipya. Nilikwenda kwa mama Eunice kumuuliza kama ana spea, nikamweleza yote. Nisamehe, ilibidi. Hakuwa nayo, lakini alinichorea kwa mkaa sakafuni jinsi kilivyokuwa, kwa sababu marehemu alikuwa akikibadilisha kila mwaka na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia taa. Nimekikata kutoka kwenye chuma cha mlango wa friji iliyokufa. Cha zamani kilikuwa laini. Hiki ni kigumu zaidi, kwa hiyo kitalia zaidi. Chome amepiga pedali na mbwa wa hoteli wote wakabweka.

Nilijaribu kwa kijigurudumu cha kuigiza, rili iko kwako, kwa hiyo itabidi nije kukifunga mwenyewe. Jumapili nitapanda pikapu na Rai. Kadzo atakuja pia. Niko tayari kukaa juu ya barafu. Naomba tu usinipeleke majini.

Kuhusu Suleiman sina ushauri. Najua kitu kimoja cha kazini kwangu. Friji nyingi zinazokufa hazifi kwa ubovu, zinakufa kwa sababu mwenyewe alisikia tangu zamani na hakuita mtu.

Mwanao,
Timothy

*

Kibuyuni,
30 Septemba 2024

Wanangu Kadzo na Timothy,

Mtauona mwandiko huu umenyooka mkashangaa. Si wangu. Ni wa Suleiman. Yuko hapa barazani kwangu, mimi nasema na yeye anaandika, na mama yenu anamwangalia asiongeze chumvi.

Nilimwambia asubuhi ya safari, mashua ikiwa bado mchangani. Nilikuwa nimepanga nimwambie tukirudi. Lakini aliponipa mkono ili nipande, niliutazama mkono wake ndani ya wangu na sikusikia kama umebana au umelegea, na maneno yakatoka yenyewe. Jaafar alikuwepo na wote walikuwepo. Nikasema sikulala siku ile. Nikasema vidole vyangu vimekufa na niliwadanganya. Nikashusha rili yangu nikaiweka mchangani ili mwenye kiti achukue kiti.

(Mimi Suleiman naandika hapa kwa idhini yangu mwenyewe. Nilijua. Siku ile nilikuta damu kwenye kiti chake, na mtu aliyelala hatoki damu. Nilimpa safari moja zaidi nione kama ataniambia. Alikuja kuniulizia bei ya petroli mara kumi na moja. Kama angepanda bila kusema ningemwacha nchi kavu, na ningeumia.)

Ndivyo alivyoandika, siwezi kumzuia kwa sababu kalamu iko kwake. Alichosema asubuhi ile kilikuwa kifupi zaidi. Aliokota rili, akapuliza mchanga, akasema, "Kaeni vizuri, tunachelewa." Mshipi akanipa wake. Kila nilipotaka kutia chambo Jaafar alichukua ndoana kutoka mkononi mwangu akatia yeye, huku akitazama upande mwingine.

Timothy, tangu ulipokuja kukifunga kijiulimi ile Jumapili, rili yako imelia mara mbili. Mara ya kwanza wote waliruka, Jaafar akamwaga chai, na ilikuwa mwani tu. Walinicheka mpaka mashua ikayumba. Mara ya pili ililia na haikunyamaza. Nilifunga, nikavuta, na ule mpini wa mpingo nikauzungusha kwa kiganja na kifundo, kwa sababu hivyo bado vina nguvu hata kama havina habari. Alikuwa jodari. Uzito wake sitauandika, mtasema ni Suleiman ameongeza. Alipotokea juu ya maji nilimsikia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa masikio, na mwaka mzima sikuwa nimemsikia samaki.

Kliniki wamenipa vidonge na orodha ya vyakula ambayo mama yenu ameibandika ukutani kama kalenda. Sukari kwenye chai hakuna tena. Nakaa na kikombe nakitazama.

Yule shemeji alikuja jana. Suleiman alimwambia kiti kina mtu.

Mwambieni mama Eunice kwamba nitampelekea kichwa cha samaki wa kwanza wa mwezi ujao, Rai atakifikisha.

Suleiman anataka kutia sahihi kwa niaba yangu nimemkatalia. Jina hapa chini nimeliandika mwenyewe, kwa kuishika kalamu kwa ngumi. Limepinda na limepanda mlima, na limechukua muda mrefu mpaka chai ya nahodha imepoa.

KALAMA MWINGA
mvuvi